Kabla ya Kuipokonya Draiva Kazi Yake

Fremu moja ya gemu yetu ilikuwa ikichukua milisekunde 14 kwa OpenGL, njia ya zamani ya kuiagiza kadi ya michoro ichore. Nilipomaliza kuihamishia Vulkan, njia mpya zaidi, baada ya miezi mitano ya kuandika upya injini nzima ya uchoraji, fremu ileile ikachukua milisekunde 19. Kadi ya michoro ileile, msitu uleule wa usiku wenye vimulimuli, kamera imesimama palepale kando ya kijito. Nilirudia kipimo mara kumi nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa miaka nilikuwa nikiitupia lawama draiva, yaani programu inayosimama kati ya gemu na kadi: inachelewesha, inaficha mambo, inakisia vibaya. Nilipoupokea mzigo wake ndipo nilipoujua uzito. Naandika haya kwa mtu anayetengeneza gemu na anajiuliza kama aendelee kuiachia draiva maamuzi au ayachukue mwenyewe. Jibu nililolipata kwa njia ndefu ni hili: chukua uamuzi pale tu unapojua jambo kuhusu gemu yako ambalo draiva haina njia ya kulijua. Kwingine kote iache ifanye kazi.

Mzigo wenyewe

Katika API (njia za programu kuiagiza kadi) za zamani, yaani OpenGL iliyotoka mwaka 1992 na Direct3D hadi toleo la 11, wewe unaiambia draiva unachotaka, na namna ya kukipata inaamua yenyewe. Ukiandika data mpya kwenye bafa (kipande cha memori) ambayo kadi bado inaisoma, draiva inaiona hatari hiyo, kisha ama inakutengenezea nakala ya siri au inakusimamisha ungoje. Ukichora kivuli kwenye teksicha (picha iliyo ndani ya memori) halafu ukaisoma teksicha hiyo katika hatua inayofuata, draiva ndiyo inayokumbuka kwamba ya kwanza lazima iishe. Inaamua kipi kikae kwenye memori ya kadi na kipi kibaki kwenye memori ya kompyuta. Inakompaili sheda zako, yaani inazitafsiri programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya kadi ziwe lugha ya kadi. Inakagua kila amri. Na yote inayafanya kwa kukisia, maana haijui fremu yako inaelekea wapi: amri zinaifikia moja moja, kama mpishi anayekabidhiwa viungo kimoja kimoja bila kuambiwa kinachopikwa.

Mantle, API ya kampuni ya AMD iliyotangazwa mwaka 2013, ilifungua mlango mwingine. Ikafuata Metal ya Apple mwaka 2014, Direct3D 12 mwaka 2015, na Vulkan 1.0 mwezi Februari 2016. Hizi zilihamisha sehemu kubwa ya kazi hizo kutoka kwa draiva kuja kwako. Zilihamisha tu. Kazi ni ileile, aliyebadilika ni mwenye kuibeba. Sheda yako pia inaendeshwa na viini vilevile vya kadi, uwe umeipeleka kwa OpenGL au kwa Vulkan. Kama gemu yako inachelewa kwa sababu ukungu wako unapigiwa hesabu mara 64 kwa kila pikseli, hakuna API itakayokuokoa. Punguza hizo mara 64.

Jua kwanza anayechelewa

Fremu 60 kwa sekunde zinakupa milisekunde 16.7 kwa kila fremu; fremu 120 zinakupa 8.3. Ndani ya muda huo kuna watu watatu wanaoweza kuchelewa: kodi yako (maandishi ya programu) kwenye prosesa, draiva kwenye prosesa, au kadi yenyewe. Usiguse chochote kabla hujajua ni yupi kati yao.

Zima usawazishaji wa skrini, maana ukiwashwa kila namba itajipanga kwenye mwendo wa skrini, kama 16.7, na utadanganyika. Weka alama za muda za kadi mwanzoni na mwishoni mwa kila hatua ya uchoraji. Kwa Vulkan ni vkCmdWriteTimestamp, kwa OpenGL ni glQueryCounter. Soma majibu yake fremu mbili tatu baadaye. Ukiyasoma hapohapo utailazimisha prosesa iingoje kadi, na utakuwa umejipimia kungoja kwako mwenyewe.

Jambo moja lilinipotezea wiki nzima: kadi hubadilisha kasi ya saa yake. Ikiona kazi ni ndogo inajipunguza ili isipate joto. Nilikuwa nikirahisisha hatua ya vivuli, milisekunde zinabaki palepale, kumbe kadi ilikuwa imepunguza mwendo ikaifanya kazi ndogo kwa muda uleule. Funga kasi ya saa kabla ya kupima. Kwa kadi za NVIDIA ni nvidia-smi --lock-gpu-clocks. Kwa Direct3D 12 kuna SetStablePowerState. Ukishapima, fungua, maana mchezaji wako hataifunga.

Kisha fanya jaribio la haraka: punguza upana na urefu wa picha kwa nusu, ili pikseli zibaki robo. Muda ukishuka sana, tatizo ni pikseli. Usiposhuka kabisa, angalia prosesa. Hapo tumia kifaa cha kupima prosesa, kama Tracy ndani ya kodi yako, au perf kwenye Linux, uone ni maktaba ipi inayokula muda. Uangalie pia nyuzi zote, yaani mifululizo ya kazi ambayo prosesa huiendesha sambamba. Draiva nyingi huwa na uzi wao wa pembeni, hivyo unaweza kuuona uzi wako mkuu umepumzika ukadhani mambo ni mazuri, huku uzi wa draiva umejaa hadi juu.

Usiishie kwenye wastani. Chora mstari wa kila fremu ya mchezo wa sekunde tisini, kamera ikipita njia ileile kila mara. Wastani wetu wa OpenGL ulikuwa milisekunde 14, lakini kila mchezaji alipoingia sehemu mpya ya msitu fremu moja ilifika 140. Jicho halioni wastani. Linaona kile kigugumizi.

Draiva inakufanyia nini kimyakimya

Mwaka 2001 watu waliokuwa wakiijaribu kadi ya ATI Radeon 8500 walibadilisha herufi chache ndani ya programu ya Quake III Arena, neno «quake» likawa «quack», na kasi ikashuka. Draiva ilikuwa ikiitambua gemu kwa jina na kuitendea tofauti. Mtindo wa kuitambua gemu kwa jina upo hadi leo, na mara nyingi kwa nia njema: kurekebisha kosa la gemu iliyokwisha kuuzwa, au kuchagua mpangilio unaoifaa. Kwenye Mesa, mkusanyiko wa draiva huria za Linux, unaweza kujisomea mwenyewe. Fungua faili 00-mesa-defaults.conf ndani ya /usr/share/drirc.d uone orodha ya programu na marekebisho ya kila moja. Nakusihi uisome hata kama hutumii Linux. Itakufundisha makosa ambayo wenzako hufanya kuliko kitabu chochote nilichosoma.

Kwa gemu mpya isiyojulikana hakuna anayekurekebishia. Hata hivyo angalia kama jina la faili lako linafanana na la programu nyingine. Badilisha jina, pima tena. Ni kazi ya dakika moja.

La pili ni kache ya sheda. Draiva huhifadhi sheda zilizokwisha kukompailiwa kwenye diski. Wewe uliyeendesha gemu yako mara elfu una kache iliyojaa. Mchezaji anayeipakua leo hana kitu. Na kila anaposasisha draiva, kache ya zamani haifai tena, anaanza upya. Kwa hiyo futa kache kabla ya kupima kigugumizi, au izime kwa kutumia MESA_SHADER_CACHE_DISABLE=true kwenye Mesa na __GL_SHADER_DISK_CACHE=0 kwenye draiva ya NVIDIA ya Linux. Sisi hatukukiona kile kilele cha milisekunde 140 kwa miezi mingi kwa sababu hiyo. Wachezaji wa majaribio walilalamika, tukawaambia kwetu gemu inaenda vizuri. Walikuwa sahihi wao.

Isaidie kabla ya kuiondoa

Laiti ningeifanya hatua hii kwanza. Nilirudi kwenye kodi ya OpenGL baada ya kuumia na Vulkan, nikatumia siku sita, na fremu ikashuka kutoka 14 hadi 11.6. Siku sita tu.

Kadi ilikuwa ikihitaji milisekunde 11.5, iliyokuwa ikichelewa ni prosesa, na nusu ya muda huo ilikuwa ndani ya draiva. Vimulimuli vyetu vilikuwa 2,200, kila kimoja na amri yake ya kuchora. Nikavikusanya vyote kwenye amri moja yenye nakala 2,200, nafasi zao zikiwa ndani ya bafa moja. Majani yakafuata njia hiyohiyo.

Kisha nikaacha kuiuliza draiva maswali. Kodi yetu ilijaa glGet: programu ipi imewashwa sasa, teksicha ipi imefungwa. Swali la namna hiyo linaweza kuulazimisha uzi wako uisubiri draiva imalize foleni yake ndipo ijibu. Kwenye Mesa unaweza kuwasha mesa_glthread=true ili draiva ifanye kazi kwenye uzi wa pembeni, lakini ukiendelea kuuliza, uzi huo hautakusaidia kitu. Weka kumbukumbu zako mwenyewe. Wewe ndiye uliyefunga teksicha ile, unaijua.

La mwisho, bafa za kila fremu. Nilikuwa nikitumia glBufferSubData juu ya bafa ambayo kadi ilikuwa bado inaisoma, na draiva ikawa mara inanakili, mara inangoja. Tangu OpenGL 4.4 ya mwaka 2013 kuna glBufferStorage, inayokuruhusu kuiacha bafa wazi kwa prosesa muda wote. Igawe sehemu tatu: kadi inasoma moja, nyingine inasubiri zamu, wewe unaandika ya tatu, huku alama za glFenceSync zikikuonyesha kadi imefika wapi. Prosesa ikashuka kutoka milisekunde 14 hadi 9. Hapa tayari nilikuwa nimechukua uamuzi mmoja kutoka kwa draiva, na niliuchukua kwa haki: mimi ndiye ninayejua kwamba data ya fremu hii haitaandikwa tena hadi fremu ya tatu kutoka sasa.

Kama gemu yako inafika hapa na mstari wake umetulia, baki hapa.

Ukiamua kuchukua usukani

Kilichonisukuma kuendelea na Vulkan hata baada ya hapo ni kile kilele cha milisekunde 140, kwa hiyo naanza nacho.

Katika OpenGL draiva inaipata sheda yako mapema, lakini mambo mengine, kama rangi zinavyochanganywa na muundo wa data ya pembe za maumbo, inaweza kuyajua kwa hakika pale tu unapochora. Baadhi ya kadi hufanya mchanganyiko huo ndani ya sheda yenyewe, kwa hiyo draiva inalazimika kukompaili tena katikati ya mchezo. Mchezaji anafungua mlango, moshi unaonekana kwa mara ya kwanza, picha inaganda. Draiva haiwezi kujua kwamba nyuma ya mlango kuna moshi. Wewe uliyeuweka moshi unajua tangu mwaka jana.

Vulkan inakuruhusu kuitaja hali yote mapema, katika kitu kimoja kinachoitwa paipulaini. Ukikitengeneza wakati wa kuchora, kama nilivyofanya katika toleo la kwanza, umeleta kigugumizi kilekile, safari hii kwa mkono wako. Fanya hivi. Kila paipulaini inapohitajika, andika ufunguo wake kwenye faili: sheda zipi, mchanganyiko upi, miundo ipi ya picha. Cheza gemu nzima, wape wengine wacheze, kusanya mafaili yao, ondoa yanayojirudia. Orodha yetu ilifika paipulaini 611. Isambaze pamoja na gemu, na wakati wa kuwaka zitengeneze zote kwa nyuzi za pembeni, ukianza na za eneo la kwanza. Vilele vya 140 vikashuka hadi 21 siku hiyohiyo. Hakuna badiliko lingine katika mradi huu lililonipa furaha kama hilo.

Hifadhi matokeo kwa VkPipelineCache. Mwanzoni mwa data yake kuna kichwa chenye namba ya mtengenezaji, namba ya kadi na utambulisho wa kache. Draiva inapaswa kuikataa data isiyoifaa, lakini usiiachie peke yake jukumu la kugundua faili lililoharibika. Weka hesabu yako ya uhakiki, andika kwenye faili la muda kisha ulibadilishe jina, ili umeme ukikatika katikati usibaki na nusu ya faili.

Punguza pia idadi yenyewe. Vulkan 1.3, ya Januari 2022, inakuruhusu kuacha nje ya paipulaini mambo kama upande upi wa pembetatu ufichwe na kama kina kipimwe au la, ukayataja wakati wa kuchora. Mwaka huohuo ikaja nyongeza ya VK_EXT_graphics_pipeline_library, inayokuwezesha kukompaili vipande na kuviunga haraka. DXVK, programu inayotafsiri Direct3D ya zamani kwenda Vulkan, inaitumia tangu toleo la 2.0, kwa kuwa gemu inazozitafsiri haziwezi kuiambia mapema zitakachochora. Mwaka 2023 ikafuata VK_EXT_shader_object, inayoruhusu kuacha paipulaini kabisa. Mimi naliona hili kuwa jambo la heshima: waandishi wa Vulkan waliona kwamba sehemu ya mzigo waliotupa haikuwa ya kwetu, wakairudisha kwa draiva.

Vizuizi

Hapa ndipo nilipopoteza milisekunde zangu nyingi. Kizuizi ni sentensi unayoiambia kadi: kazi hizi zimalizike na maandishi yao yaonekane kabla ya kazi zile kuanza. OpenGL inaziandika yenyewe kimyakimya. Katika Vulkan ukisahau moja, kadi inasoma picha isiyokamilika.

Kwa hofu niliweka kizuizi cha kila kitu kingoje kila kitu baada ya kila hatua. Vilikuwa 23 kwa fremu. Kila kimoja kiliitaka kadi imalize hadi pikseli ya mwisho, viini vikae bure, ndipo ianze kujijaza upya. Picha ilikuwa sahihi kabisa, na gemu ilikuwa nzito kabisa.

Dawa yake ni kuandika, kwa kila hatua, orodha mbili: inasoma nini, inaandika nini. Usiandike vizuizi kwa mkono tena. Acha kodi yako ivikokotoe kutoka kwenye orodha hizo. Vinavyotokea pamoja viunganishe kwenye wito mmoja. Na taja hatua halisi. Ramani ya vivuli inaandikwa kwenye vipimo vya kina, na inasomwa kwenye sheda ya pikseli. Ukisema hivyo, sheda za pembe za hatua inayofuata zinaweza kuanza huku vivuli vikimaliziwa. Ukisema «kila kitu», haziwezi. Picha ambayo huhitaji kilichomo, ianzishe kutoka hali ya UNDEFINED, ili kadi isihangaike kuhifadhi takataka. Vizuizi vyetu vikawa 9, na kadi ikashuka kutoka milisekunde 16.2 hadi 11.6.

Washa ukaguzi wa usawazishaji kwenye tabaka za uhakiki za Vulkan, zinazokagua jinsi unavyoitumia, na uuache umewashwa kila siku ya kazi. Nilipokuwa nikipunguza vizuizi nilikata kimoja kupita kiasi. Kwenye kadi yangu picha haikuwa na kasoro hata kidogo. Kwenye kadi ya kampuni nyingine vivuli vya miti vikatokea vimekatika viraka vya mraba vinavyowakawaka. Kosa lilikuwa langu, ila kadi yangu ilikuwa na subira zaidi. Tafuta kadi za watengenezaji tofauti kabla ya kuamini kizuizi chako chochote.

Kwa simu kuna jambo la ziada. Kadi nyingi za simu huchora skrini kipande kwa kipande kwenye memori ndogo ya ndani, kisha huandika kipande kilichokamilika kwenye memori kuu. Picha ya kina ya 1920 kwa 1080, yenye baiti 4 kwa pikseli, ni megabaiti 8.3. Ukiiandika nje mara 60 kwa sekunde, ni karibu megabaiti 500 kila sekunde, na kama hakuna hatua itakayoisoma tena, umechoma betri bure. Weka storeOp, agizo la nini kifanyiwe picha mwishoni mwa hatua, kuwa DONT_CARE; kwa OpenGL ES 3.0, OpenGL ya simu, tumia glInvalidateFramebuffer. Mtengenezaji wa draiva, awe hodari vipi, hawezi kujua kwamba picha ile hutaihitaji tena. Hajasoma fremu yako ya kesho.

Memori na nyuzi

Memori nitaipita haraka, kwa sababu kazi imekwisha kufanywa na wengine. Vulkan inahakikisha angalau migao 4,096 tu ya vkAllocateMemory kwa wakati mmoja, kwa hiyo omba mapande makubwa na ugawe mwenyewe ndani yake. Maktaba huria ya AMD iitwayo Vulkan Memory Allocator inafanya hivyo vizuri. Mimi niliandika yangu, nikaitupa baada ya wiki mbili. Kosa langu kubwa lilikuwa kuiweka data ya pembe zote za miti kwenye memori ambayo prosesa inaiona kirahisi, yaani memori ya kompyuta. Kadi ikawa inaivuta kupitia PCIe, njia inayoiunganisha na kompyuta, kila fremu. Kwa OpenGL draiva iliona bafa haibadiliki ikaihamisha ndani ya kadi bila kuniambia. Kuihamisha mwenyewe kuliishusha fremu kutoka 19 hadi 16.2.

Nyuzi ndizo zinazosifiwa kuliko yote, na kwetu hazikuleta kitu. Kuandika orodha ya amri kulikuwa kunachukua milisekunde 1.1. Nikaigawa kazi kwa nyuzi nne, kila uzi na dimbwi lake la amri (hifadhi ambamo amri zake huandikwa) kwa kila fremu iliyo njiani, kama inavyotakiwa. Ikawa 0.6. Kwa fremu inayongoja kadi milisekunde 11, nusu milisekunde ya prosesa haionekani popote, na kodi ilikuwa imekuwa ngumu kusomeka. Nikaiondoa. Kama una maelfu mengi ya amri za kuchora, hesabu yako itakuwa tofauti, ipige kwanza.

Pasiguswe

Kikompaili cha sheda kilichomo ndani ya draiva kiache. Niliwahi kufungua vitanzi (sehemu za kodi zinazojirudia) kwa mkono na kuyapanga mahesabu nikidhani najua zaidi. Kwenye kadi moja ilienda sawa. Kwenye nyingine sheda ikahitaji rejista (nafasi ndogo za kushika namba ndani ya kadi) nyingi zaidi, kadi ikashindwa kubeba vikundi vingi vya kazi kwa pamoja, na kila vikundi vilipoingoja memori hapakuwa na vingine vya kuchukua zamu. Mpangilio wa maelekezo na ugavi wa rejista ni mambo ya mtu anayeijua chipu, na kila kizazi cha chipu kina tabia yake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kitu kimoja cha sheda ni chako: usahihi wa namba. Kwenye simu, ukitangaza mediump kwa rangi, kadi nyingi zinaweza kutumia namba za biti 16. Draiva haitathubutu kukupunguzia usahihi bila ruhusa, maana haijui kama namba ile ni rangi ya jani au umbali wa mlima.

Kodi ya zamani usiifute

Namba zetu za mwisho zilikuwa hizi: OpenGL iliyosaidiwa, milisekunde 11.6 kwa fremu, prosesa 9. Vulkan, milisekunde 11.2 kwa fremu, prosesa 4. Kwa wastani wa fremu pekee, miezi yote ile ilinunua milisekunde 0.4. Faida yangu ipo kwenye vilele vilivyotoweka, na kwenye prosesa iliyopumzika, ambayo kwenye kompyuta mpakato inaonekana katika joto na betri.

Njia ya OpenGL bado imo ndani ya gemu, na kitufe kimoja kinabadilisha. Kila badiliko naliendesha kwa njia zote mbili kwenye safari ileile ya sekunde tisini, na pembeni mwa namba naandika toleo la draiva, kwa sababu mara mbili nimewahi kusherehekea uboreshaji uliokuja na draiva mpya usiku wa kuamkia siku hiyo.

Kuwa na njia mbili pia kunakusaidia unapokutana na kosa la kweli la draiva, na yapo. Njia zote mbili zikitoa picha tofauti, pitisha kwanza tabaka za uhakiki hadi zinyamaze kabisa. Piga picha ya fremu kwa RenderDoc, programu ya kuchunguza fremu, ifungue kwenye kadi ya mtengenezaji mwingine uone kama kosa linakufuata. Kata programu hadi ibaki pembetatu chache zinazolionyesha. Nimeandaa taarifa tano za namna hiyo. Katika tatu kati yake, nilipokuwa nikikata, nilikuta kizuizi changu kilichokosekana, nikaifuta barua kabla ya kuituma. Mbili zilizobaki zilikuwa na mistari isiyofika mia mbili kila moja, na zote mbili zilirekebishwa.